Udongo, Maji na Uchachu: Kwa Nini Nyalenda Haina Shamba la Zabibu

Mvinyo mweupe mkavu, yaani ule ambao sukari ya zabibu imegeuzwa karibu yote kuwa kileo na kubakiza uchachu unaochangamsha mate, husifiwa mara nyingi kwa jina la udongo uliouzaa. Husemwa kwamba mvinyo wa Muscadet, unaotengenezwa karibu na mlango wa mto Loire nchini Ufaransa, una ladha ya jiwe lililolowa. Kwamba ule wa Rías Baixas, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, umebeba chumvi ya Atlantiki. Na kwamba ule wa kisiwa cha Santorini huko Ugiriki una harufu ya majivu ya volkano. Madai hayo yana ukweli, lakini ukweli huo umejificha mahali pengine kabisa, na njia nzuri ya kuufikia ni kuligeuza swali: kwa nini udongo wa ufuo fulani, wenye jua la kutosha, maji tele na historia ndefu ya kilimo, haukuzaa mvinyo wowote? Nyalenda, mtaa mkubwa wa kusini mwa jiji la Kisumu unaoteremka kuelekea mafunjo ya Dunga na Ghuba ya Winam, unalifaa swali hilo kuliko mahali pengi, kwa kuwa unakaribia kulingana na Dodoma, makao ya zabibu za Afrika Mashariki, katika mambo mawili ambayo wengi huyadhania kuwa ndiyo yanayoamua kila kitu: mwinuko na joto.

Kwanza ni lazima uchachu wenyewe ueleweke, kwa maana hautoki ardhini. Mzabibu hujitengenezea asidi mbili kuu ndani ya tunda. Moja ni asidi ya tartariki, ambayo ni nadra katika matunda mengi lakini watu wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kwa ulimi, kwa sababu ndiyo inayoupa ukwaju ukali wake. Ya pili ni asidi ya maliki, ile inayokaza meno mtu anapong'ata tofaa bichi. Tunda likianza kuiva, sukari hupanda na asidi hushuka, na kushuka huko si kwa namna moja: asidi ya maliki huteketezwa na pumzi ya tunda lenyewe, kwa kasi inayoongezeka kadiri usiku unavyokuwa na joto, ilhali ile ya tartariki huvumilia joto lakini hukamatwa na potasiamu, madini ambayo mizizi huyanyonya udongoni, na kugeuka chembe ngumu zinazotuama chini ya pipa. Hapo ndipo udongo unapoanza kuwa na mkono katika ladha, ingawa mkono huo ni wa kupunguza uchachu wala si wa kuuongeza. Mkulima anayetaka mvinyo mweupe wenye makali safi kwa hiyo hutafuta usiku wa baridi, uvunaji wa mapema na shina lisilojaa potasiamu kupita kiasi, na anapovipata hivyo vitatu anaweza kuupata uchachu huo juu ya mawe ya aina nyingi mno.

Kuhusu madai ya ladha ya mawe, mwanajiolojia Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, ambaye mwaka 2018 alichapisha kitabu kizima juu ya miamba na udongo wa mashamba ya zabibu, ameeleza kwa miaka mingi kwamba mzizi haunyonyi jiwe. Hunyonya chembe za madini zilizoyeyuka katika maji, nazo humfikia mnywaji kwa kiasi kidogo mno kuweza kuonjwa, huku mengi ya mawe yanayotajwa yakiwa hayana ladha wala harufu yoyote. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kukubaliwa, isipokuwa kwa chumvi. Pale ambapo udongo au maji ya kunyweshea yana chumvi, sodiamu na kloridi huingia kweli katika tunda, na zikizidi mvinyo huonekana wa chumvi kwa maana halisi ya neno, kiasi kwamba nchi kadhaa zimeziwekea kikomo cha kisheria. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Kisumu, kwa sababu Ziwa Victoria ni la maji baridi: upepo wake hauleti chumvi, na ufuo wake, hata kama ungepandwa mizabibu kutoka Dunga hadi Usoma, usingeweza kuutoa mvinyo ule unaoitwa wa bahari.

Basi udongo unafanya nini? Jibu lililosimama imara zaidi lilitoka Bordeaux, ambako mtafiti Gérard Seguin alichunguza kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1960, mashamba yenye sifa kubwa na kukuta kwamba yamekaa juu ya udongo wa namna tofauti kabisa, mengine ya kokoto, mengine ya mfinyanzi, mengine ya chokaa. Yaliyofanana kati yao hayakuwa madini bali tabia ya maji: udongo wote ule uliyaacha maji ya ziada yapite upesi baada ya mvua, kisha ukautolea mzabibu kilichobaki kidogo kidogo, bila kuufurikisha na bila kuukausha. Mzabibu unaopata maji kwa utaratibu huo huacha kurefusha matawi tunda linapoanza kuiva, nguvu yake ikaelekea kwenye vichala, na majani yake yakabaki machache kiasi cha kuruhusu upepo na mwanga kupita. Mzabibu unaolowa muda wote huendelea kuota kama mboga. Kivuli huongezeka, tunda huvimba maji, na kuoza huanzia katikati ya kichala, mahali ambapo jicho la mkulima halifiki.

Mchanga, kokoto na majivu ya volkano vinasifiwa katika mashamba ya pwani kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya pili ambayo husahauliwa. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo mfano wa chawa wa mimea, filoksera, alivuka kutoka Amerika hadi Ufaransa na kuangamiza mizabibu ya Ulaya kwa kuishambulia mizizi yake, mpaka wakulima walipojifunza kuibebesha juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani inayomvumilia. Mdudu huyo husafiri kupitia nyufa za udongo wa mfinyanzi, na mchanga mtupu humshinda. Santorini, ambako karibu hakuna mfinyanzi, na Colares, kwenye mchanga wa pwani ya Ureno, zimehifadhi mizabibu inayosimama juu ya mizizi yake yenyewe hadi leo. Kwa hiyo pwani ilipendelewa kwa sifa za kimwili, yaani upenyo wa maji na ukosefu wa nyufa, na nathari ya wauzaji ikazigeuza sifa hizo kuwa ladha.

Nyalenda iko upande wa pili kabisa wa mizani hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi yake, kama ilivyo kwa Uwanda wa Kano unaotandaa mashariki, ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wakenya huuita udongo wa pamba, uliotuamishwa na mito na ziwa katika bonde lililozama kwa mpasuko wa ardhi. Mfinyanzi huu una sifa ya kuvimba unapolowa na kunywea unapokauka: wakati wa masika hufunga vinyweleo vyake na kuyashika maji juu kama sinia, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huweza kuingia. Wajenzi wa Nyalenda wanaijua tabia hiyo kwa kuta zinazopasuka, na wakazi wanaijua kwa maji ya mto Auji yanayoingia nyumbani mvua inapozidi. Kwa mzabibu ni adhabu mara mbili, kwa kuwa mizizi hukosa hewa katika miezi ya maji na kisha hukatwa na mwendo wa udongo wenyewe katika miezi ya ukame. Chini ya hapo kuna ziwa, ambalo kina chake hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mashamba ya ufuoni yakamezwa.

Haifai kuuita udongo huu mbaya. Wakulima wa Nyalenda hupanda nduma na mboga katika maeneo yake ya maji, na upande wa Kano serikali ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Ahero mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu iyo hiyo inayoufukuza mzabibu: mfinyanzi unaokataa kupitisha maji hulifanya jaruba la mpunga lishike maji bila kuvuja. Udongo mmoja ni kasoro kwa mmea huu na hazina kwa ule, na anayesema kwamba mahali fulani pana ardhi nzuri bila kutaja mmea hajasema kitu.

Ulinganisho na Dodoma unalionyesha hili kwa uwazi ambao ramani za joto haziwezi kuutoa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Dodoma uko karibu mita 1,120; joto la wastani la mwaka katika miji hii miwili halipishani sana. Hata hivyo Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, wakati Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200, zinazomwagika katika masika ya Machi hadi Mei, katika vuli ya Oktoba hadi Desemba, na tena katika dhoruba za alasiri ambazo upepo wa ziwa huzisukuma dhidi ya milima ya Nandi katika miezi inayobaki. Mashamba ya Dodoma, kuanzia Makutupora na Hombolo hadi Mpunguzi, mengi yako juu ya udongo mwekundu wenye kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya kale ya itale, nao hupitisha maji haraka. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, waliohitaji divai ya misa, ndio waliouona uwezekano huo na kupanda mizabibu Bihawana katikati ya karne ya 20. Baadaye serikali ya Tanzania iliweka kituo cha utafiti Makutupora, ambacho jina lake limebaki katika aina ya zabibu nyekundu inayopandwa zaidi mkoani humo. Kwa mvinyo mweupe, aina iliyoshika ni Chenin Blanc, zabibu ya bonde la Loire iliyopitia pia Afrika Kusini, yenye sifa ya kushikilia uchachu wake hata penye jua kali.

Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na hapo pana fundisho ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kulitoa. Katika nchi za baridi mzabibu hulala. Majira ya baridi huangusha majani, mmea hupumzika, na machipukizi yote huamka pamoja. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na ukame na kisu. Mkulima akipogoa, yaani akikata matawi ya msimu uliopita, mmea huanza upya na tunda huwa tayari baada ya takriban miezi minne. Anayepogoa kwa hesabu hupata mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Mavuno haya ya pili, yanayoiva katika kiangazi baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai, ndiyo yanayoufaa mvinyo mweupe, kwa kuwa asidi ya maliki haijateketea yote na vichala havijanyeshewa. Yale ya Februari hukumbana na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya ukungu ambayo hustawi katika unyevu, moja likilitia jani vumbi jeupe na jingine likilifanya liote manyoya upande wa chini. Kinachouokoa mzabibu wa Dodoma, kwa maneno mengine, ni miezi sita isiyo na mvua, na Kisumu haina hata mitatu ya kutegemewa.

Pingamizi moja lazima lijibiwe hapa, kwani linaweza kubomoa hoja yote. Rías Baixas ni nchi ya mvua nyingi, nyingi kuliko Kisumu katika miaka mingi, na bado zabibu yake ya Albariño hutoa mojawapo ya mivinyo myeupe yenye makali safi zaidi duniani. Jibu lina sehemu tatu. Mvua ya huko hunyesha zaidi wakati mzabibu umelala, hivyo haikuti jani wala tunda. Udongo wake ni mchanga wa itale, ambao huyapitisha maji hayo kana kwamba hayakunyesha. Na wakulima wake hutandaza matawi juu ya dari za nguzo za mawe, zinazopita kimo cha mtu, ili upepo wa bahari upite chini ya vichala na kuvikausha. Ukiondoa moja kati ya hayo, mfumo mzima hulegea. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba Kaunti ya Kisumu inayo sehemu ya pili: huko Seme, kilomita chache kutoka ziwani, mawe makubwa ya Kit Mikayi yaliyopandana ni itale ya kale sana, ya ukoo mmoja wa kijiolojia na miamba ya katikati ya Tanzania, na mchanga unaotokana nayo ni mwepesi na wenye kupitisha maji. Anayetafuta jiwe la Rías Baixas au la Dodoma atalipata Seme. Asichokipata ni usingizi wa mmea. Hivyo Seme hutoa ushahidi uliokosekana Nyalenda: jiwe sahihi bila msimu sahihi halizai mvinyo, kama ambavyo mwinuko sahihi bila udongo sahihi hauzai.

Naivasha inaukamilisha ulinganisho huu kwa upande wa Kenya. Ziwa lake liko karibu mita 1,890, mvua yake ni takriban nusu ya ile ya Kisumu, udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na usiku wake ni wa baridi ya kuhitaji sweta. Huko ndiko Rift Valley Winery, kampuni iliyo chini ya Kenya Nut, ilikopanda mashamba yanayotoa mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka chenye majani ya fedha ambacho Wamaasai hukiita hivyo, na kati ya aina zake nyeupe Sauvignon Blanc ndiyo inayobeba uchachu unaozungumziwa hapa. Naivasha ni ufuo wa ziwa kama Nyalenda, lakini tofauti ya zaidi ya mita 700 za mwinuko huupunguzia usiku nyuzijoto kadhaa, na nyuzi hizo chache ndizo zinazobakiza asidi ndani ya tunda. Ufuo peke yake haumaanishi kitu.

Kama kuna sehemu ya pwani ya Winam inayostahili kufikiriwa kwa zabibu, si Kisumu bali ni upande wa Mbita na Rusinga, ambako mvua ni haba kuliko mjini na mteremko umejengwa na mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri, hivyo maji hayatuami. Hata hapo usiku ungebaki wa joto, kwa sababu ziwa ambalo hupoza mchana hurudisha joto hilo gizani, na mvinyo ambao ungepatikana ungeelekea kuwa mpole kuliko mkali. Tena udongo haujitengenezei soko: Dodoma ilihitaji mapadre, watafiti, viwanda vinavyonunua mchuzi wa zabibu, kama wakulima wanavyoyaita maji yaliyokamuliwa, na sera ya ushuru inayotoza kidogo zaidi mvinyo ambao angalau robo tatu ya zabibu zake zimelimwa nchini, na pamoja na hayo yote wakulima wake bado wamekuwa na misimu ya kukosa wanunuzi.

Hata hivyo ufuo huu haukukosa kinywaji kichachu kinachofuata udongo wake. Mtama huvumilia mambo yote mawili yanayouua mzabibu katika mfinyanzi mweusi, kulowa mizizi na kukaukiwa, na kwa sababu hiyo umelimwa Kano na Nyando tangu zamani. Mtama mweupe wa nchi za ziwa ndio ulioifanya kampuni ya Kenya Breweries ijenge upya kiwanda chake cha Kisumu kwa shilingi bilioni 15 na kukifungua mwaka 2019, kwa ajili ya bia ya Senator iliyoanzishwa mwaka 2004 kuwavuta wanywaji wa kipato cha chini. Ila kinachofanana zaidi na mvinyo mweupe kwa uchachu wake ni busaa, pombe ambayo Waluo huiita kong'o na ambayo wazee waliinywa kwa oseke, mirija mirefu iliyotumbukizwa katika mtungi mmoja. Unga wa mahindi, na zamani wa nafaka za asili, hukandwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi au mtama, yaani nafaka iliyooteshwa na kuanikwa ili wanga wake ugeuke sukari. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 iliiruhusu kwa masharti ya ubora na leseni, lakini uchambuzi wa kisomi ulioitazama kama kinywaji chenye mahali pake, kwa uzito uleule unaopewa chupa ya Muscadet, umekuwa haba, na huo ni upungufu wa haki.

Uchachu wa busaa huzaliwa kwa njia iliyo kinyume na ule wa zabibu. Katika mvinyo asidi huwekwa na mmea shambani na kazi yote inayofuata ni kuizuia isipotee. Katika busaa nafaka haina asidi ya kutaja, na uchachu hutengenezwa na bakteria wa asidi ya laktiki, wale wale wanaoyagandisha maziwa kuwa mala, wakifanya kazi ndani ya kinyunga kwa kasi inayotegemea joto. Kwa hiyo usiku wa Nyalenda, ambao aghalabu haushuki chini sana ya nyuzijoto 17, na ambao ungeteketeza asidi ya maliki ndani ya kila kichala kabla hakijaiva vizuri, ndio unaomwezesha mpika busaa kuufunika unga wake jioni na kuukuta, baada ya siku chache, ukiwa tayari kwa kukaangwa.